Fifwili nyepesi kwa pikapu: jinsi ya kuchagua kabla hujatoa hela

Hapa Dar mtu akisema fifwili akili ya kila mtu inaenda bandarini, kwenye ile sahani nyeusi iliyojaa grisi nyuma ya kichwa cha semi, ile inayoshika tela. Lakini kuna fifwili za pikapu pia, ndogo, za kufunga ndani ya bodi juu ya ekseli ya nyuma, na wapo wanaoziulizia: mmoja kaagiza nyumba ya kutembea nayo toka Marekani anataka wikiendi awe anaipeleka Mikumi, mwingine anataka tela ya jiko auze chakula kwenye matamasha, mwingine ana wazo la chumba cha baridi cha kusafirishia samaki. Wote wanataka kitu kimoja, iwe nyepesi. Sawa, ila kama umeanza kwa kuangalia picha za fifwili na bei zake umeanzia mwisho. Fifwili unaichagua mwishoni kabisa, mbele yake kuna pikapu, kuna tela na kuna hesabu, na hesabu yenyewe siyo ngumu, tutaipiga hapa hapa.

Wepesi una faida gani

Wengi wanadhani wepesi ni kwa ajili ya mgongo, usije ukaumia ukiitoa na kuirudisha. Ni kweli, ila sababu kubwa ni uzito ambao pikapu yako inaruhusiwa kubeba. Tela ya boli, ile inayoshikwa nyuma ya bampa kwenye kile kichwa cha chuma cha duara, inalaza asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wake kwenye gari. Ya kingipini, yaani yenye ile pini nene chini ya pua ya tela inayoshikwa na fifwili, inalaza 15 mpaka 25, na kwa hesabu ya haraka watu wanatumia 20. Huo mzigo unakaa juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo, ndo maana tela ya hivi haiyumbi hovyo basi la mikoani likikupita kwa kasi pale Chalinze, lakini kwa gari ni sawasawa na umepakia mifuko ya simenti kwenye bodi. Na fifwili yenyewe nayo imo kwenye mzigo. Na wewe umo, na mkeo, na watoto, na madumu ya maji, na lile begi la shemeji ambalo hukuambiwa kama lipo.

Chukua pikapu inayoruhusiwa kubeba kilo 1,000. Tela yako ikishapakiwa ina kilo 3,000, asilimia 20 yake ni 600, zinabaki 400. Watu wazima watatu waweke kilo 225, zinabaki 175. Fifwili ya chuma na reli zake inaweza kufika kilo 100, hapo umebaki na 75 za mabegi, jeki, vifaa na maji, na maji tu lita 40 ni kilo 40. Ukichukua ya aluminiamu ya kilo 20 unabaki na 155. Hizo kilo 80 ndo unazozilipia, na kwa mwenye pikapu kubwa za Kimarekani kama Ford F-250 hazimsumbui kivile, ila sisi wa Hilux, Ranger, D-Max na Land Cruiser za pikapu kilo 80 ni kitu kikubwa.

Muuzaji wa gari atakwambia bosi hii inavuta tani tatu na nusu. Kweli, Ranger na D-Max nyingi zimeandikwa kilo 3,500 kwa tela yenye breki, lakini namba hiyo kwa gari za saizi hii inahusu tela ya boli nyuma, na kuna namba nyingine kwenye kitabu ya uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja, ambayo ukijaza bodi mpaka mwisho inakunyima ile 3,500. Kwa hiyo kabla ya kitu chochote tafuta namba za gari lako. Angalia kibati kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti, angalia kitabu, na kwa gari ya mtumba ambayo kitabu hakikuja nayo angalia kadi ya gari, ina uzito mtupu na uzito wa jumla, toa mmoja kwenye mwingine ujue gari inabeba nini. Ukiona namba ya kadi na ya kibati hazifanani fuata ndogo.

Pima, usikadirie

Uzito wa tela ulioandikwa na kiwanda ni wa tela tupu, kabla hujaweka jenereta, friji, matenki ya maji na hivyo vitu vingine ambavyo ndo sababu ya kununua tela. Ukitaka uhakika tafuta mizani. Siyo lazima iwe ya TANROADS, maana pale watu wako kazini na foleni ya malori inakusubiri, sehemu nyingi zinazonunua vyuma chakavu na zinazouza kokoto zina mizani ya gari na ukiongea nao vizuri wanakupimia kwa hela ndogo. Pima pikapu peke yake ukiwa umejaza mafuta na watu wako wamo ndani, andika. Halafu unganisha tela (kama una ya kuazima au ya jamaa yenye fifwili), panda tena kwenye mizani magurudumu ya tela yakiwa nje ya sahani, andika. Tofauti ya hizo namba mbili ndo uzito wa kingipini wa kweli. Halafu pima vyote pamoja. Kama tela bado iko njiani majini, chukua uzito wake wa juu kabisa ulioandikwa kwenye kibati, siyo ule mtupu, na upige asilimia 20, ukiwa muoga piga 25.

Na zoea mizani mapema, sababu magari ya kuanzia tani 3.5 yanatakiwa kupimwa barabara kuu, na pikapu yenye tela ya kingipini inavuka hapo bila kujitahidi. Pale Vigwaza usije ukawa unajifunza uzito wa tela yako mbele ya watu.

Ukishapata uzito wa kingipini na uzito wa tela nzima, sasa ndo unaweza kusoma vibandiko vya fifwili. Nyingi zimeandikwa kwa pauni, gawa kwa 2.2 upate kilo. Fifwili ya pauni 16,000 ni karibu tani 7.3, ya 24,000 ni karibu tani 10.9. Utaona zote zinaizidi pikapu yako mbali sana, sasa hapo ndo watu wanapotea, mtu anasoma tani 10 anafurahi anapakia. Hiyo ni namba ya fifwili, haimaanishi Hilux imegeuka Scania. Kinachoamua ni kile kidogo kuliko vyote kati ya gari, tairi, ekseli, fifwili na tela. Na tairi usizisahau, zimeandikwa uwezo wake ubavuni, nyingi za mtumba zina miaka na nyufa.

Aina zilizopo

Ya kwanza ni ya chuma ya kawaida, ina kichwa chenye taya zinazoing'ata kingipini, miguu, na reli mbili zinazofungwa kwenye chesisi. Imara, inaeleweka, fundi yeyote wa malori akiiona anajua inafanyaje kazi. Uzito ni kilo 50 kwa zile ndogo, na kubwa zinavuka 100, yaani mifuko miwili ya simenti imekaa kwenye bodi muda wote hata siku huna tela.

Ya pili ni ya chuma vile vile ila imegawanyika, kichwa kinatoka peke yake na miguu peke yake. Jumla ya uzito haipungui sana lakini kila kipande mtu mmoja au wawili wanakiweza. Kama unatumia pikapu kwa kazi nyingine katikati ya wiki hii inatosha, siku huna tela unaivua na uzito unaondoka na wewe unabeba mchanga wako. Siku ya tela uzito unarudi wote, hiyo ujue.

Ya tatu ndo nyepesi kweli, ya aluminiamu. Aluminiamu ina uzito wa theluthi moja hivi ya chuma kwa ujazo ule ule. Inayojulikana zaidi ni ya kampuni ya Andersen ya Idaho huko Marekani, wao wameachana kabisa na sahani na taya, kingipini inavalishwa adapta yenye kikombe, na kwenye bodi kuna fremu ya aluminiamu yenye boli juu yake, kikombe kinashuka juu ya boli kinafungwa. Kitu kizima kiko kwenye kilo 16 mpaka 20 kutegemea na aina ya kufunga, na kimepewa pauni 24,000. Boli linageuka pande zote, mbele nyuma na kushoto kulia, na hakuna sahani ya kupaka grisi.

Mimi kwa pikapu za huku ningeenda na hii ya tatu, lakini siyo kwa kila mtu. Adapta inakaa kwenye tela, kwa hiyo kama unavuta tela za watu mbalimbali au unakodisha gari, kila tela itahitaji adapta yake na utachoka, taya za kawaida zinashika kingipini yoyote ya inchi 2. Pia siyo kila boksi la kingipini, kile chuma cha puani mwa tela kinachoibeba kingipini, linakubali adapta. Yale maboksi yanayozunguka yenyewe au yenye mpira na upepo wa kupunguza mtikisiko, mengine hayataki kitu kinachoning'inia chini yake, na kuna adapta nyingine ndefu, zile za kuigeuza tela ikae kwenye boli lililo chini kabisa sakafuni, hizo zinaongeza urefu wa mkono unaoisukuma fremu ya tela kila ukishika breki, fremu inapasuka pale mbele na watengenezaji wengine wa tela wanakataa garantii ukizitumia. Uliza kwanza aliyetengeneza tela, siyo aliyekuuzia fifwili.

Tofauti nyingine ya kuangalia ni kuinama. Fifwili za bei ya chini zinainama mbele na nyuma tu. Kwenye lami ya Bagamoyo utaona sawa, lakini ukiingia barabara ya vumbi yenye mashimo upande mmoja, gari inalala kushoto tela inalala kulia, na fifwili isiyoinama pembeni inageuza chesisi yako kuwa springi. Kwa nchi hii chukua inayoinama pande zote, hata kama inaongeza kilo tano.

Sahani ya semi ya mtumba, hapana

Hili lazima niliseme kwa kirefu kidogo maana ushauri huu utaupata tu ukifika gereji za Nyerere Road. Kingipini ya tela hizi ni inchi 2, na ya semi nyingi barabarani nayo ni inchi 2. Kwa hiyo fundi atakwambia bosi usihangaike na Marekani, ipo sahani ya semi hapa imetoka kwenye Actros iliyopata ajali, tunakukatia, tunapunguza miguu, tunachomelea kwenye bodi, kesho unaondoka. Na itaingia kweli, na kingipini itashika kweli. Shida ni kwamba sahani ya semi inavuka kilo 100 peke yake kabla ya vyuma vya kuikalisha, nyingi zinainama upande mmoja tu kwasababu zimetengenezwa kwa lori lenye chesisi ya kuvumilia, na akishaikata ili iwe nyepesi hakuna tena mtu duniani anayeweza kukwambia inabeba kiasi gani. Wepesi unaoutafuta unatoka kwenye kitu kilichochorwa kiwe chepesi na kikapimwa hivyo hivyo, grainda haitoi wepesi wa aina hiyo.

Mafundi wetu nawaheshimu na kuna kazi wanaifanya vizuri, mfano mabano ya kuunganisha reli na chesisi, kwasababu reli za Marekani zimetobolewa kwa ajili ya pikapu za kule na hazitakutana na matundu ya Hilux. Pale Gerezani mjini Dar utapata bapa la milimita 8 au 10 likatwe likunjwe vizuri kabisa. Kichwa, taya na boli ndo hapana, hivyo vije na namba ya kiwanda.

Bodi fupi

Hapa ndo ndoto nyingi za dabo kebini zinaishia. Pima kutoka katikati ya ekseli ya nyuma mpaka ukuta wa nyuma wa kebini. Kwenye dabo kebini ya Hilux au Ranger bodi lote lina urefu wa mita moja na nusu hivi, na hapo utapata chini ya mita moja. Halafu nenda kwenye tela, pima kutoka kingipini mpaka kona ya mbele ya tela. Huo ndo mkono unaozunguka ukikata kona. Tela ya upana wa mita 2.4 nusu yake tu ni 1.2, kwa hiyo ukikata kona kali kona ya tela inaingia dirisha la nyuma. Na Dar kona kali huzikimbii, kugeuza pale Kariakoo mtaani au kurudi rivasi kwenye geti la Sinza unajikuta umeikunja tela mpaka mwisho.

Kuna fifwili za kuteleza, kichwa kinarudi nyuma ukiwa unageuza taratibu kisha kinarudi mahali pake, zinafanya kazi, ila zina uzito kuliko zote na umeshapoteza sababu ya kutafuta nyepesi. Kurudisha kingipini nyuma ya ekseli ili upate nafasi nako usifanye, gurudumu za mbele zinapungukiwa uzito na usukani unakuwa mwepesi vibaya. Njia nzuri ni kubadilisha upande wa tela: boksi la kingipini refu linalotokeza mbele, au tela yenye pua ya mviringo, au kama unaitengeneza hapa hapa basi fanya upana wa mita 2 na kona za mbele zikatwe. Au chukua singo kebini. Land Cruiser ya singo kebini yenye bodi la bapa ndo gari lililozaliwa kwa kazi hii huku kwetu, bodi refu, chesisi nene, springi za majani, na pembeni kunakunjuka kwa hiyo hakuna kingo za kugongana na tela. Hata hivyo pima.

Matuta na kivuko

Kati ya kingo za juu za bodi na tumbo la tela linalokaa juu yake wanashauri sentimita 14 mpaka 15. Wanaoshauri hawajapita kijiji chenye matuta manne mfululizo. Gari ikiwa imeshuka tuta na tela bado iko juu pua inainama, nafasi inaisha, unasikia kishindo. Ningeenda sentimita 18 au 20 kama tela bado inakaa usawa. Kukaa usawa ni muhimu, pua ikiwa juu sana kwenye tela ya ekseli mbili uzito wote unakimbilia ekseli ya nyuma na tairi zake zinakwisha mapema. Ndo maana fifwili ambayo urefu wake unarekebishika ni bora, na za aluminiamu nyingi zina nafasi ndogo ya kurekebisha, uliza kabla.

Kwa wakazi wa Kigamboni, kile kilango cha kivuko maji yakiwa yametoka ni mteremko mkali, pitia darajani tu na tela yako.

Kufunga

Reli au fremu inashikwa na chesisi, siyo na bati la bodi. Bati ni la kubeba mchanga, ukifunga kwenye bati litachanika siku ya kwanza ya kona. Kama bodi lina laina ya plastiki ikate itoke pale chini ya fremu, plastiki inabonyea na boliti zinalegea zenyewe. Pale kwenye mabonde ya bati weka vipande vya chuma vya kujaza ili ukikaza usilipondeponde. Boliti ziwe zimeandikwa 8.8 au 10.9 kichwani, ukipewa zisizo na namba rudisha hata kama ni za bei poa. Chesisi usiitoboe juu wala chini, kwenye zile bapa za kulala, ndiko nguvu zinapopita, toboa ubavuni tena ukianza kwa kutafuta matundu ya kiwanda yaliyopo. Na usikubali kuchomelea chesisi, ukiona fundi ameshika betri anaitoa waya mwulize anataka kufanya nini.

Kaza kwa spana ya kupimia nguvu kwa namba iliyo kwenye kitabu cha fifwili, siyo kwa bomba la mita moja. Ukishavuta kilomita 80 hivi za mwanzo, yaani ukifika Kibaha na kurudi, kaza tena zote. Halafu kila safari ndefu pitisha macho na mkono.

Hizi za aluminiamu zina mambo yake mawili. La kwanza ni ufa. Aluminiamu za kazi hizi, kama ile ya 6061-T6, nguvu yake inatokana na joto la kiwandani, ukiichomelea sehemu ya karibu na mchomeleo inapoteza karibu nusu ya nguvu. Kwa hiyo fremu ikipata ufa hakuna cha fundi wa aluminiamu wa madirisha, unabadilisha. Ioshe kwa sabuni kila baada ya muda na uangalie kwenye kona na matundu ya boliti, ufa wa nywele unaonekana chuma kikiwa safi.

La pili chumvi. Sisi tuko pwani, ukikaa Msasani, Mbezi Beach au Kigamboni unaijua chumvi inavyokula geti. Aluminiamu ikigusana na chuma na kukawa na unyevu wa chumvi, inayoliwa ni aluminiamu, utaona unga mweupe unatoka kwenye maungio. Tumia boliti zilizopakwa zinki, paka grisi nzito kati ya metali mbili, na usitumie ile grisi ya shaba ambayo mafundi wanaipenda, shaba na aluminiamu ndo vibaya kabisa. Osha kwa maji yasiyo na chumvi ukitoka ufukweni.

Kama umechukua ya taya na sahani, usipake grisi uani kwako halafu ukaingia barabara ya vumbi, mchanga ukichanganyika na grisi inakuwa msasa. Kuna diski za plastiki ngumu zinazovalishwa kwenye kingipini, bei siyo kubwa, zinamaliza kazi bila grisi.

Na funga kwa kufuli. Nyepesi kwako ni nyepesi kwa kibaka pia, na aluminiamu ina soko kwenye vyuma chakavu.

Breki na waya

Tela za Ulaya nyingi ndogo zina breki za kusukumwa, gari ikipunguza mwendo tela inasukuma mkono wake wa mbele unabonyea na breki zinashika. Tela ya kingipini haina mkono huo, kwa hiyo breki zake kwa kawaida ni za umeme, na za umeme zinataka kontrola ndani ya kebini ya volti 12 na waya mnene kutoka kwenye betri. Hii bajeti watu wanaisahau halafu wanakaa na tela ya tani tatu isiyo na breki wanataka kushuka Kitonga. Hakuna kontrola, hakuna safari. Weka pia ule waya wa dharura unaovuta swichi, tela ikichomoka breki zake zinajifunga zenyewe kwa betri yake, na ujaribu kama hiyo betri ina chaji maana nyingi zinakufa kimya kimya. Mfumo wa boli unahitaji na minyororo ya usalama, iunganishe kwenye chesisi.

Taa angalia volti. Pikapu ni 12, spea nyingi za taa za tela mjini ni za semi na ni 24, ukizifunga zitawaka hafifu kama kibatari. Na soketi ya tela za Marekani ni ya vijiti bapa saba, haitaingia kwenye ile ya vijiti vya duara tuliyoizoea, nunua kibadilishio au badilisha soketi moja.

Kuagiza

Kitu cha kilo 20 unaweza kukileta kwa ndege kwasababu mizigo ya ndege inapigwa kwa kilo, cha kilo 100 utakisubiri kwa meli. Hapo bei ya aluminiamu iliyoonekana kubwa inaanza kukaribiana na ya chuma. Agiza na spea zake mara moja: pini, klipu, boliti za adapta, vitu vya elfu kumi ambavyo vikipotea Singida vinakulaza. Ya mtumba siyo mbaya kama ni ya chuma na taya hazijalika, ya aluminiamu mtumba mimi siigusi, hujui imebeba nini huko ilikotoka. Tela isajiliwe iwe na namba yake, na bima waambie mapema gari imefungwa nini na inavuta nini.

Mara ya kwanza unaunganisha

Tafuta uwanja tambarare na mtu wa kukuongoza ambaye haongei na simu. Kwa ya taya, kosa linalovunja bodi za watu ni kurudi rivasi kingipini ikiwa juu ya taya badala ya katikati, inaonekana imeingia, lever inakaa sawa, ukiondoka tela inashuka kwenye kingo za bodi. Shusha tela mpaka sahani yake iguse sahani ya fifwili kwanza ndo urudi. Kwa ya boli hakikisha kikombe kimekaa chote chini, kisha kaza kile kifungio kama kitabu kinavyosema.

Halafu kabla hujapandisha miguu ya tela, unganisha waya, shika breki za tela kwa kontrola, weka gia ya kwanza, vuta gari mbele kidogo. Kama imeshika gari inagoma. Shuka, chukua tochi hata kama ni mchana, ingia kwenye bodi uangalie kwa macho yako kama taya zimeizunguka kingipini au kikombe kimelalia boli. Ndo upandishe miguu, unganisha minyororo na ule waya wa dharura, jaribu indiketa na taa za breki. Mzunguko wa kwanza kata kona taratibu kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho mtu akiangalia nafasi ya kebini, na aweke alama ya chaki kwenye bodi pale tela inapokaribia zaidi. Ikibaki chini ya sentimita 10 ujue hiyo tela na hilo gari havijapatana bado, rudi kwenye boksi la kingipini.